Ukimya katikati ya kukoroma: nilivyoutambua ugonjwa wa mume wangu

Kwa miaka mingi mashemeji walimtania mume wangu kwa kukoroma, wakidhani ni usingizi mnono wa mtu aliyechoshwa na kazi. Mimi ninayelala ubavuni mwake sikuhofia kelele bali ukimya uliozikatiza: sauti ilikatika ghafla huku kifua na tumbo vikihangaika kuvuta hewa isiyoingia, kisha akashtuka kama aliyepaliwa, akavuta pumzi kwa kishindo na kuanza kukoroma upya. Asubuhi hakukumbuka chochote. Baadaye nilijifunza kuwa hali hiyo ya pumzi kukatika usingizini huitwa apnia ya usingizi.

Nikaanza kuunganisha mambo. Aliamka kichwa kikimuuma na kinywa kimekauka, usiku aliamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, mchana alisinzia hata katikati ya maongezi, na presha yake haikushuka ingawa alimeza dawa kila siku bila kuruka. Yeye ni dereva wa lori la Tunduma, na usingizi wa namna hiyo humchukua mtu akiwa ameshika usukani.

Nilimrekodi kwa simu, na alipojisikiliza mwenyewe ndipo alipokubali twende hospitali. Nilimpima pia shingo kwa futi yangu ya ushonaji, ikawa sentimita 44. Katika dodoso la maswali 8 liitwalo STOP-Bang, ambalo madaktari hulitumia kupima uwezekano wa ugonjwa huu, shingo inayozidi sentimita 40 ni kihatarishi, sawa na unene mkubwa, shinikizo la damu, umri unaozidi miaka 50 na kuwa mwanamume. Kwake yote yalikuwapo.

Daktari alipoitazama video alitueleza kwamba misuli ya koo hulegea usingizini hadi njia ya hewa ikajifunga, ndipo ubongo humgutusha mtu ili apumue, na hali hiyo hujirudia usiku kucha. Kila pumzi inayokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, na zikifika 30 kwa saa moja apnia ya usingizi huwa kali. Kipimo kilionyesha kuwa yake ni kali. Alipewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, akakatazwa pombe ya jioni na dawa za usingizi, kwa kuwa zote huzidi kulegeza koo, na hakurudi barabarani mpaka daktari aliporidhika.

Sasa ninamhimiza wifi yangu naye akapimwe. Hakoromi sana, lakini huamka amechoka, amekwisha koma hedhi, na ugonjwa huu hutembea katika familia.