Dolores hakuificha sauti ya kwao

Wasichana ninaowafundisha kuimba hapa Ngamiani, Tanga, hawalijui jina la Dolores O'Riordan, mwimbaji wa bendi ya roki ya The Cranberries. Ila ukiwapigia wimbo wake "Zombie" wanaitikia wote.

Alizaliwa mwaka 1971 kijijini Ballybricken, karibu na Limerick, Ayalandi, kitinda mimba katika nyumba ya watoto wengi. Baba yake alikuwa ameumia kwa ajali ya pikipiki hata kabla yeye hajazaliwa, hivyo mama ndiye aliyehangaikia riziki. Dolores akakulia kwenye kwaya na kinanda cha kanisa. Mwaka 1990 bendi ya vijana watatu wa Limerick iliondokewa na mwimbaji wake. Wakampa muziki usio na maneno, naye akarudi na maneno ya wimbo "Linger". Ndiyo ikawa The Cranberries.

Sasa sikilizeni sauti yenyewe. Inapotoka kifuani kupanda kichwani, pale katikati pana mpasuko. Waimbaji wengi hufundishwa kuuziba. Yeye aliuachia, tena akaufanya pambo: silabi moja anaivunja vipande vitatu, vinne. Na lafudhi ya Limerick imo mle mle, hakuisafisha ili Wamarekani wamwelewe. Mimi naona hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Machi 1993 mabomu ya IRA, kundi la silaha lililopigana kuiondoa Ayalandi ya Kaskazini mikononi mwa Uingereza, yaliua watoto wawili mjini Warrington, Uingereza. Kwa uchungu huo akaandika "Zombie", na lafudhi ile ya Kiayalandi ndiyo iliyowakemea wauaji waliodai kuipigania Ayalandi. Angeimba Kimarekani, nani angeshtuka?

Bi Shakila, mwimbaji wa taarabu, naye aliimba na kundi la Black Star hapa hapa Tanga, magitaa ya umeme nyuma yake, na matamshi ya pwani hayakumtoka. Kwa nini basi binti wa Makorora akishika maikrofoni aanze kubana pua kama mtu wa redioni? Mwanangu, sauti ya kwenu inatosha.

Dolores alifariki London tarehe 15 Januari 2018, akiwa na miaka 46. Alizama kwenye bafu la hoteli baada ya kulewa. Wenzake walizichukua sauti alizokwisha kurekodi, wakazimalizia kwa albamu ya "In the End", 2019, kisha wakaifunga bendi.

Anayetaka kumjua asianze na "Zombie". Aanze na "Ode to My Family", na asikilize anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari.