Khanga ya mlangoni

Sikuitikia shikamoo yake. Hilo linaniuma kuliko hata ile khanga.

Ilikuwa Desemba, Jumapili ya kipaimara, na aliyewahi kukaa Moshi anajua Desemba yetu ilivyo. Watu wamepanda kutoka Dar na Nairobi, magari yamejaa mpaka kwenye migomba ya jirani, nyama inanukia kabla hata ya sala ya kwanza. Mimi nilikuwa zamu ya mlangoni. Ni mzee wa kanisa, muhula wa pili huu, na siku za kazi ni fundi cherehani, nashonea kwenye kibaraza cha duka mjini. Kola yangu haikosi pini, hata Jumapili. Mume wangu husema ipo siku nitamchoma nazo.

Pale mlangoni tuna kikapu cha khanga. Wazee tulikubaliana kwamba mwanamke akija mgongo wazi, au sketi imempanda, apewe khanga ajisitiri. (Moja imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Tumewafunga nayo watu miaka yote hiyo, na sidhani kama kuna mzee aliyewahi kuisoma.)

Yule binti alifika wimbo wa kwanza ukiisha. Peke yake, gauni la bluu la mtumba, viatu vya plastiki vilivyooshwa vikang'aa. Mgongo ukionekana. Akanisalimia, "Shikamoo mama." Mimi nikamjibu, "Mgongo huo, binti!" na khanga nikamrushia begani. Mabenchi matatu ya nyuma yaligeuka. Akasema, "Samahani mama," akajifunga, akaenda kukaa benchi la mwisho kabisa.

Wakati wa sadaka akaikunja ile khanga vizuri, pembe kwa pembe, akaiacha kwenye benchi, akatoka. Aliponipita ndipo nikaliona gauni. Halikuwa la mgongo wazi hata kidogo. Zipu ilikuwa imeachia meno, na pale juu imeshikizwa kwa uzi mweusi, mishono minne mikubwa. Mtu hawezi kujishonea mgongoni mwake mwenyewe. Kuna mtu nyumbani kwao alimshonea gauni akiwa ameshalivaa, ili awahi kanisani.

Miaka 22 nashona. Zipu ndiyo kazi inayonilisha. Na kwenye kola nilikuwa na pini sita.

Sasa hapa pana jambo ambalo ningependa kuliruka, ila nikiliruka nitakuwa nimeandika uongo. Nusu saa kabla yake nilimpokea mgeni mmoja, mama wa mjini, ameshuka kwenye gari kubwa jeupe. Mabega yake yote mawili yalikuwa nje. Nje kabisa, mshono wenyewe ndivyo ulivyokusudiwa. Nilimshika mkono nikampeleka benchi la pili, na njiani nikamsifia kitambaa. Khanga haikunijia hata akilini. Yakobo aliandika habari za mtu wa pete ya dhahabu anayeambiwa keti hapa mahali pazuri, na maskini anayeambiwa simama pale. Nimewahi kulisomesha hilo kwa akina mama wenzangu, tena kwa kidole juu.

Usiku sikulala. Nikafungua 1 Samweli 16, lile neno tunalowakaririsha watoto wa kipaimara, kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Lakini macho yalianzia ukurasa wa nyuma yake, sura ya 15, na huko ndiko nilikojikuta. Mfalme Sauli ametumwa kazi, amerudi, anamlaki Samweli kwa furaha: nimeitimiza amri ya Bwana! Na kondoo aliokatazwa kuwaleta wanalia nyuma yake. Ndipo anaambiwa kutii ni bora kuliko dhabihu. Nilicheka peke yangu gizani, kicheko kibaya. Maana mimi pia nilirudi nyumbani siku ile najiona nimetimiza. Kanuni ya wazee nimeifuata. Aliyenituma nisipendelee watu kwa sura zao, huyo sikumkumbuka.

Kisha Samweli mwenyewe, nabii, anafika kwa Yese kutafuta mfalme mpya kati ya wanawe, anamwona Eliabu alivyo mrefu na tayari moyoni ameshamtawaza. Wanapita wana saba. Wa nane yuko machungani, hata hakuitwa. Na Samweli anasema hawataketi mpaka huyo aje. Hapo nilikaa muda mrefu. Sisi tuliketi. Binti alitoka, tukaendelea kuimba, baadaye tukapiga mnada wa ndizi na kuku wa sadaka, mimi nikashindania mkungu mmoja mpaka nikaupata.

Kuna ile hadithi inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya mchungaji aliyejivika matambara akakaa mlangoni kama ombaomba, watu wakamdharau, mwisho akapanda madhabahuni. Watu huituma huku wakilia. Mimi siku hizi inaniudhi. Kumbe kosa lao ni kwamba hawakumjua mkubwa? Na angekuwa ombaomba kweli? Yule binti wa khanga hakuja kugeuka kuwa mtu yeyote. Sijui jina lake. Nimeuliza kwenye mnada, nimeuliza kwa wauza mitumba wa soko la Memorial, nimeuliza mpaka kwa vijana wa bodaboda pale njia panda. Gauni la bluu, nawaambia, zipu imekufa. Wananicheka.

Sijapeleka hoja barazani ya kuondoa khanga. Labda nitapeleka, labda hapana; wapo wanaozihitaji kweli na hushukuru wakipewa. Nimeongeza tu kopo la pini kwenye kikapu, na sindano mbili zenye uzi, mweusi na mweupe. Na salamu naitikia kabla sijatazama chini ya shingo.

Mzee mwenzangu aliuliza kopo la nini, tumefungua duka? Jumapili iliyopita pini mbili zilitumika. Zote kwa mchungaji, pindo la kanzu lilikuwa limeachia.