Sahani zilizotakiwa kukaa kimya

Miezi 4 ya mwanzo wa utafiti wangu Uingereza ilipotea kwa sababu ya rangi ya waridi.

Kazi yangu ni kukuza maabarani seli za utando wa ndani wa mji wa mimba. Mwanamke aliyeridhia hutolewa kipande kidogo sana kliniki, nasi tunazitenganisha seli zake na kuzilisha. Halafu tunaigiza mzunguko wake wa mwezi kwa homoni mbili: kwanza estrojeni, baadaye projesteroni. Huwezi kugeuza mpango huo, maana estrojeni ndiyo huzifanya seli zitengeneze vipokezi vya projesteroni, yaani protini za seli zinazoipokea homoni hiyo. Pasipo vipokezi, projesteroni inabisha hodi nyumba isiyo na mtu. Tunachotafuta ni kwa nini wengine mimba haishiki hata kiinitete kikiwa kizima.

Basi sahani zangu za ulinganisho, ambazo sikuzitia homoni hata tone, zilijaa vipokezi. Nikarudia mara 3. Nikadhani nachanganya sahani. Kilichoniuma ni wale wanawake: shangazi yangu aliitwa tasa hadi uzeeni, na kila nilipomwaga sampuli nilimwona yeye.

Fundi mmoja wa siku nyingi akaitazama chupa yangu, akaniuliza mbona chakula cha seli kina rangi. Ile ni fenoli redi, huwekwa ili chakula kikianza kuchacha kigeuke njano tukione. Kumbe watafiti wa Marekani walishaonyesha mwaka 1986 kwamba huchochea seli kama estrojeni hafifu! Na seramu ya ng'ombe, yale majimaji ya damu niliyokuwa nikiongeza kwenye chakula, huja na homoni zake yenyewe.

Nikabadili vyote viwili: chakula kisicho na rangi, na seramu iliyopitishwa kwenye mkaa unaonasa homoni. Sahani za ulinganisho nazo nikazipa ethanoli ileile tunayoyeyushia homoni, kwa kiasi kilekile, ili tofauti ibaki homoni peke yake.

Safari hii vipokezi vilionekana kwenye estrojeni tu. Kufika siku ya 12, seli zilizopata homoni zote mbili zilikuwa zimeacha umbo lao refu jembamba, zimenenepa na kuviringana, zinatoa homoni ya prolaktini, kama zinavyofanya tumboni zikijiandaa kupokea mimba. Zile za ulinganisho zilibaki nyembamba. Nilizikodolea macho kwenye hadubini mpaka taa za ukumbini zikazimwa.