Siku moja maishani mwangu: Kuhesabu wadudu wa kijito, bonde la Lukuledi

Saa 11 alfajiri natoka Mtama, mkoani Lindi, kwa bodaboda, wavu mgongoni, trei nyeupe mapajani. Dereva anauliza navua nini. Nikimwambia wadudu, anacheka hadi tunapoacha lami.

Saa 1 niko majini. Tunatumia TARISS, mfumo wa Tanzania wa kupima afya ya mto kwa wadudu wake, uliotokana na ule wa Afrika Kusini. Mawe yana sampuli yake, mimea ina yake, na changarawe, mchanga na tope vina yake kwa pamoja. Naukabilisha wavu na mkondo, navuruga mawe kwa miguu dakika 2, kisha namwaga kwenye trei.

Hapo ndipo utamu ulipo. Lava wa usubi wamenasa kwenye jiwe kwa vikulabu vya mkiani, vichwani wamekunjua mapepeo madogo ya kuchujia chakula kinachopita. Pembeni yupo mdudu bapa kama dengu, mikia mitatu, matamvua ya ubavuni yanatetemeka. Ubapa unamsaidia asing'olewe na mkondo. Huyu hataki mchezo: kwenye alama za unyeti kwa uchafu, 1 hadi 15, yuko juu.

Saa 4 nashuka kwenye mchanga. Trei karibu tupu. Mchanga unahamahama, mdudu atashika nini? Kwenye tope kuna lava wekundu. Wekundu wao ni hemoglobini, inayowawezesha kuishi kwenye oksijeni kidogo. Palipotuama kuna konokono, kwa hiyo buti sivui. Kichocho sikitaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hao wanaliwa?"

"Wanaliwa na samaki, bibi."

"Basi mimi niletee samaki."

Saa 8, ugali na kisamvu.

Saa 10 ubishi. Mwenzangu kaona alama za kule chini zimeshuka, anataka kuandika "uchafuzi". Namwambia ndugu yangu, chini hakuna mawe; wadudu wa mawe wangekaa wapi? Linganisha mawe kwa mawe, tope kwa tope. Kinachonitia shaka mimi ni kule juu, kwenye bustani za mchicha zilizolimwa hadi ukingoni. Udongo unaporomoka, unaziba nafasi katikati ya mawe, na wadudu hujificha humo humo. Maji yanaweza kuwa safi na bado wakakosa pa kukaa.

Amekubali kuandika "mawe hakuna" kwenye safu ya maelezo. Kesho tunapanda bustanini, tuchukue sampuli ya mawe juu na chini yake.