Kuwaomba wageni wapunguze sauti kwa Kiingereza: uzoefu wangu Bagamoyo

Katika kazi ya kuongoza wageni hapa Bagamoyo, kuna sehemu tatu ninapolazimika kuomba sauti ya chini: magofu ya Kaole (mji wa kale wenye misikiti na makaburi), kanisani kwenye misheni ya Kikatoliki, na kwenye baraza la nyumba ya wageni ikishapiga saa nne usiku. Kaole watu bado wanakuja kuomba dua kwenye kaburi la Sharifa, mwanamke anayeheshimiwa kama mtakatifu. Misheni nako, wageni huchangamka wakifika kwenye mnara ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na huku kuna mtu amepiga magoti anasali.

Neno la kwanza nililoliacha ni “reduce”. Sisi tunasema “punguza sauti”, kwa hiyo ulimi unakimbilia “reduce your voice”. Mgeni ataelewa, ila wenye lugha yao hawasemi hivyo. Kwao sauti ya mtu hushikiliwa chini: “keep your voice down”. Ya redio au ya simu ndiyo wanasema “turn it down”.

La pili ndilo linalotukamata zaidi. “Ongea polepole” kwetu ni bila haraka, na pia ni kwa sauti ya chini. “Speak slowly” ina ile maana ya kwanza tu. Mgeni ukimwambia hivyo ataanza kutamka neno mojamoja, sauti ikiwa ileile, akidhani Kiingereza chake kinakupita. Neno unalolitaka ni “quietly” au “softly”.

Sentensi ninayoitumia Kaole ni hii: “Sorry, could you keep your voices down a little, please? There are people praying.” Kila kipande kina kazi yake. Wakiwa wawili au zaidi ni “voices”, maana kila mtu ana sauti yake. Akiwa peke yake ni “voice”. “A little” ndiyo “kidogo” yetu, inaondoa ukali. Sababu ifuate hapohapo, kwa maneno machache.

Lakini uzito wote uko kwenye “could you”. Kwetu heshima inabebwa na “samahani”, “naomba”, na kumwita mtu mama, kaka au mzee. Ukishayasema hayo, hata “punguza sauti” yenyewe haiumi. Kiingereza hakina “shikamoo” ya kukutangulia. Heshima yake imo kwenye kuuliza. Ndiyo maana “keep your voice down” ikisimama peke yake inasikika kama amri, na “please” ikiwekwa mbele haiiokoi.

Njia laini zaidi ni “Would you mind keeping your voices down?” Kitenzi lazima kiishie na “-ing”. Jibu lake linawachanganya wengi: mgeni akisema “No, not at all”, amekubali. Umemuuliza kama itamkera, naye anasema haitamkera. Mshukuru, usirudie ombi.

Tahadhari na “let's”. Sisi tunapenda “jamani, tupunguze sauti”, tunajihesabu ndani ili tusimuaibishe mtu. “Let's keep our voices down” kwa watu wazima inafanana na mwalimu wa chekechea. Kwa kundi ninaliwahi kabla ya kuingia, tukiwa bado langoni: “Once we're inside, we'll need to keep our voices down.” Hapo “we” inakaa vizuri, kwa kuwa nami naingia, na hakuna aliyekosa bado.

“Lower your voice” na “be quiet” ni za kukemea. “Shut up” ni tusi. “Calm down” haihusu sauti kabisa: inamwambia mtu ana hasira, na asiyekuwa nayo ataipata. “Keep it down” ni ya marafiki.

Kwenye vibao, angalieni herufi. “Keep quite” imeandikwa ukutani kwingi. “Quite” ni “kabisa” au “kiasi”. Ukimya ni “quiet”, “e” inatangulia “t”, na hutamkwa kwa silabi mbili: kwai-et.

Usiku barazani kelele si maneno tu, kuna viti vinavyoburutwa na muziki wa simu, kwa hiyo ninabadilisha “voices” kuwa “the noise”. Siiti kutoka mapokezi, maana nitaamsha haohao ninaowatetea. Ninasogea hadi mezani, ninainama kidogo, na sauti yangu ninaishusha kwanza, kwa kuwa wao huifuata: “Sorry to bother you, but could you keep the noise down a bit? Some guests are already asleep.” Wakiitikia, “Thank you, I appreciate it,” halafu ninaondoka mara moja. Ukibaki umesimama, wanaona unawalinda.