Alhamisi Kuu nikiwa sakristia

Saa 11 alfajiri
Naamka kabla simu haijalia. Mimi ni mtunza sakristia, chumba cha kuandalia ibada, katika parokia moja hapa Kisumu, na mwaka mzima hakuna siku inayonitoa jasho kama hii. Asubuhi tungali katika Kwaresima. Jioni, Misa ya Karamu ya Bwana ikianza, Kwaresima imekwisha na Siku Tatu Kuu za Pasaka zimeingia.

Saa 1 asubuhi
Naanza na hostia, vile vimkate vyembamba vya Komunyo. Ijumaa Kuu Kanisa Katoliki haliadhimishi Misa. Watu hukomunika kwa hostia zilizowekwa wakfu Alhamisi, kwa hiyo leo naandaa za siku mbili. Mwaka jana nilikosea hesabu. Foleni ingali imefika mlangoni, nikamwona padri anaanza kuvunja hostia vipande, halafu vipande vya vipande, hadi mama wa mwisho akapokea chembe isiyozidi ncha ya ukucha. Hakulalamika. Mimi ndiye nilikosa usingizi. Leo nazihesabu mara mbili, 50 kwa 50, juu ya kitambaa cheupe, mlango nimeufunga ili mtu asinisemeshe.

Saa 4 asubuhi
Stima zimepotea, na kanzu za watumishi wa altare bado zina mikunjo. Nawasha pasi ya makaa. Pasi hii haitaki haraka: unaipangusa chini kila baada ya kanzu moja, na cheche ikiruka, kazi imeharibika. Kabatini napanga chupa 3 za mafuta matakatifu tulizoletewa kutoka kanisa kuu la Mtakatifu Theresa, Kibuye: ya wagonjwa, ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), na Krisma. Krisma huitambui kwa macho bali kwa pua, kwa sababu ndiyo iliyochanganywa na manukato.

Saa 7 mchana
Simu. "Mwanangu, tafuta mtu mwingine." Ni mama mmoja aliyechaguliwa na jumuiya yake kuwa kati ya watu 12 watakaooshwa miguu na padri, kama Yesu alivyowaosha mitume wake. Huuza omena na ngege soko la Kibuye.

Naacha kila kitu, napanda boda. Soko limefurika, maana kesho watu hawali nyama na kila nyumba inatafuta samaki. Namkuta anapima omena kwa gorogoro. Bila kuniangalia, anavua sandali na kunionyesha kisigino: nyufa nyeusi, nyingine zimeingia ndani hadi zinaonyesha wekundu.

"Padri atashika hii mbele ya watu? Na nitatoka hapa nikinuka samaki."

Namwambia hata Petro alikataa mwanzoni.

"Petro alikuwa mvuvi," anasema. "Miguu yake ilikuwa inaoshwa na ziwa kila siku." Anacheka, lakini anavaa sandali na kuniuliza Misa ni saa ngapi.

Nilipokuwa mtoto, waliooshwa miguu kwetu walikuwa wanaume watupu. Januari 2016 kanuni ilibadilishwa kwa agizo la Papa Fransisko, na wanawake wakaruhusiwa rasmi. Kwangu badiliko hilo ni kubwa. Wanaofika kanisani kwetu wakitembea kutoka mbali, wengi ni akina mama.

Saa 12 jioni
Wimbo wa Utukufu unaimbwa na kengele zote zinalia kwa mara ya mwisho. Hazitasikika tena hadi Kesha la Pasaka. Kuanzia hapo watoto wanagonganisha vibao vya mbao.

Mvua inaanza wakati wa mahubiri. Mabati yananguruma, hakuna anayesikia neno. Padri anaacha kuhubiri, anavua kasula, vazi lake la juu, anajifunga taulo kiunoni na kupiga magoti. Nafuata nyuma na jagi la maji ya vuguvugu. Mama yangu wa samaki ni wa saba. Amekuja moja kwa moja kutoka sokoni, gamba moja la ngege limeng'ang'ania juu ya kifundo cha mguu. Padri analiondoa kwa kidole gumba, anamwaga maji polepole juu ya zile nyufa, anakausha kati ya vidole, kimoja kimoja. Halafu anainama na kuubusu mguu. Mama amefumba macho, mikono imekamata kiti.

Saa 3 usiku
Sakramenti, yaani hostia zilizowekwa wakfu, imepelekwa altare ya pembeni kwa ubani na wimbo. Siborio 3, vyombo vya hostia, zimejaa, za kesho zinatosha. Kisha ile kazi inayonikaba koo kila mwaka: kuvua altare. Vitambaa, vinara, maua, vyote vinaondolewa bila wimbo. Tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Sakramenti, inaachwa wazi, haina kitu, na taa yake imezimwa. Nimeiona mara nyingi na bado sijaizoea.

Saa 6 usiku
Waliokuwa wakikesha na Bwana wanatoka mmoja mmoja, wengine wamebeba watoto waliolala. Nimebaki na taulo 12. Ile ya saba inanukia omena. Nimeziloweka zote katika beseni moja.