Mfano wa ulimi: ateri zimeingia, zamu ya vena

Taya la udongo limekauka na mfupa wa hioidi, ule mdogo wa shingoni chini ya ulimi, umekaa mahali pake, kwa hiyo sasa napitisha mishipa ya damu. Waya mwekundu ni ateri, inayoleta damu kutoka moyoni; wa buluu ni vena, inayoirudisha; uzi wa njano ni neva, mshipa wa fahamu.

Ateri ya ulimi huchipuka kwenye karotidi ya nje, ateri kubwa ya shingoni, usawa wa pembe kubwa ya hioidi. Haiendi mbele moja kwa moja. Hupanda kwanza, hujikunja kitanzi, kisha hushuka na kuelekea mbele. Kitanzi nimekilegeza makusudi, maana hioidi hupanda na kushuka kila tunapomeza.

Kinachofuata ndicho kilichoamua mpangilio wa kazi nzima. Ubavuni mwa ulimi kuna msuli bapa, hioglosi, unaopanda kutoka hioidi. Ateri hupita upande wake wa ndani, ilhali neva ya 12 ya kichwa, inayosogeza ulimi, hupita nje pamoja na vena yake. Basi waya mwekundu umetangulia, nikaufunika kwa msuli, ndipo uzi wa njano ukafuata. Ukianza na msuli, utaishia kuubandua.

Ateri ikitoka mbele ya msuli huo hutoa tawi la sakafu ya kinywa na tezi ya mate iliyo chini ya ulimi, na tawi la mwisho huenda limejipindapinda hadi ncha. Katikati ya ulimi nimesimamisha kipande cha plastiki badala ya ule ukuta wa nyuzi unaotenga kulia na kushoto. Mishipa inayouvuka ni michache sana, kwa hiyo waya za pande mbili nimeziunganisha nchani tu.

Buluu naianza kesho, kioo mkononi. Inua ulimi: ile mistari ya samawati kando ya utando wa katikati ni vena, ateri imejificha ndani zaidi. Ngozi ya hapo ni nyembamba mno, ndiyo maana kidonge cha nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, huwekwa chini ya ulimi: dawa huingia kwenye damu upesi bila kupitia ini kwanza.

Meno ya chini hayanipi shida. Ateri yao huingia kwa tundu la upande wa ndani wa taya, na mfereji nimeshautoboa. Midomo nayo ni pete ya waya tu. Kaakaa bado sijaamua: nikiligandisha, hakuna atakayeona nilichofanya chini yake, kwa hiyo huenda nikalitilia bawaba.